Ngao ya Mbele ya Gari: Chagua Inayofaa Gari Lako na Barabara Zetu

Mkazi wa Taita Taveta anayemiliki Land Cruiser, Hilux, D-Max au hata Probox hufika wakati akafikiria kufunga ngao ya mbele, yaani vile vyuma vinavyokaa mbele ya bampa, ambavyo mafundi wengi huviita bulbaa. Sababu zake zinaeleweka. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa hupita Manyani, Voi na Maungu ikiwa na mbuga kando yake, na ile ya Voi, Mwatate hadi Taveta hupita karibu na hifadhi za Taita Hills na LUMO. Mbuzi, ng'ombe, punda, pundamilia, nyati na tembo wote huvuka barabara hizi, mchana na usiku.

Ngao nzuri inaweza kukuepusha na rejeta iliyotoboka usiku ukiwa mbali na fundi. Lakini ngao iliyochaguliwa vibaya inaweza kuvuruga mifuko ya hewa ya gari, kupinda chesisi, au kumuua mtoto aliyegongwa kwa mwendo ambao pengine angepona. Kwa hivyo kabla ya kulipa, mwenye gari anashauriwa kujiuliza maswali matatu: ninajikinga na nini, gari langu ni la aina gani, na nani mwingine anatumia barabara ninayopitia?

NGAO HUFANYA KAZI GANI HASA

Wengi huamini ngao huwakinga walio ndani ya gari. Hiyo si kazi yake kuu. Ngao hukinga rejeta, feni, taa na bampa, ili gari lililogonga kitu cha wastani kwa mwendo wa wastani liweze kuendelea na safari.

Walio ndani hukingwa na mambo mengine matatu: mshipi, mifuko ya hewa, na sehemu ya mbele ya gari iliyotengenezwa ijikunje. Gari linapogonga, chuma kinachojikunja humeza sehemu ya nguvu za mgongano kabla hazijamfikia dereva na abiria. Ngao ngumu iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesisi inaweza kuzuia kujikunja huko. Mbele ya gari itaonekana nzima, lakini mshtuko uliopaswa kumezwa na chuma utapokelewa na vifua na shingo za waliomo.

Jambo la pili la kukumbuka ni mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu za mgongano huongezeka mara nne. Ngao iliyostahimili kumgonga mbuzi kwa kilomita 40 kwa saa itakabiliwa na nguvu mara nne zaidi ikimgonga mbuzi yuleyule kwa kilomita 80.

UNAJIKINGA NA MNYAMA GANI?

Mbuzi, kondoo na digidigi. Hawa ni wepesi na wafupi. Ngao ndogo hutosha kukinga grili na rejeta, mradi dereva asiwe katika mwendo wa kasi.

Ng'ombe, punda na pundamilia. Uzito wao mara nyingi ni kati ya kilo 200 na 400. Hapa ngao kamili iliyofungwa vizuri inaweza kupunguza hasara kwa mwendo wa wastani. Kwa kasi ya barabara kuu, mnyama wa uzito huu anaweza kupanda juu ya boneti na kuvunja kioo cha mbele, ngao iwepo isiwepo.

Nyati na pofu. Dume anaweza kufikisha kilo 700 na zaidi. Ngao inaweza kuokoa rejeta ikiwa ulikuwa umeshafunga breki na mwendo umeshuka sana. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Twiga na ngamia. Miguu yao ni mirefu na mwili uko juu ya usawa wa boneti. Gari huwakata miguu, kisha mwili mzima huangukia kioo cha mbele na paa. Ngao iko chini mno kusaidia.

Tembo. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa eneo la Tsavo lina tembo karibu 15,000, wengi kuliko eneo lingine lolote nchini. Dume mzima anaweza kuwa na tani 5 hadi 6, yaani uzito wa takriban Land Cruiser mbili zilizopakia mizigo. Hakuna ngao inayouzwa dukani wala inayotengenezwa na fundi ambayo itakulinda ukimgonga tembo. Kinga pekee ni kutomgonga.

Ukitazama orodha hii utaona kwamba ngao husaidia katika sehemu ya chini tu. Mwenye gari anayefunga ngao kubwa kwa sababu ya tembo na twiga anabeba uzito usiomfaa.

AINA ZA NGAO

Ngao ndogo ya paipu. Ni kitanzi kimoja au viwili vya paipu mbele ya grili. Uzito wake huwa kati ya kilo 8 na 15. Inafaa kwa mtu anayepita vichakani, au katika vijiji vyenye mbuzi wengi, kwa mwendo mdogo. Haikingi taa.

Ngao kamili ya chuma. Hii huchukua nafasi ya bampa na kufungwa kwenye chesisi. Hukinga rejeta na taa. Uzito wake huwa kilo 40 hadi 70 au zaidi. Inafaa gari la kazi, kwa mfano pikapu inayokwenda ranchi kila siku.

Ngao ya aluminiamu. Uzito wake ni takriban nusu ya ile ya chuma. Haishiki kutu, jambo zuri kwa wanaoshuka Pwani mara kwa mara. Tatizo ni kwamba ikipinda si rahisi kuinyoosha, na kulehemu aluminiamu kunahitaji mashine na ujuzi ambao si kila fundi anao.

Ngao yenye winchi. Winchi pekee huongeza kilo 25 hadi 40. Ni kifaa cha anayekwama matopeni au mchangani mara kwa mara bila gari la pili la kumvuta. Kwa anayepita lami pekee, ni mzigo wa bure.

Ngao ya pambo. Hung'aa, lakini paipu yake ni nyembamba na huning'inia kwenye bampa ya plastiki au kwenye vibati vidogo. Ikigongwa hurudi nyuma na kutoboa rejeta yenyewe. Ni afadhali kutokuwa na ngao kuliko kuwa na hii.

GARI LAKO NI LA AINA GANI?

Magari kama Land Cruiser, Hilux, D-Max na L200 yana chesisi ya chuma iliyo peke yake, na bodi imekaa juu yake. Chesisi hiyo ina mahali pa kushika ngao kamili.

Magari kama RAV4, X-Trail, Forester na Probox hayana chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Mbele yake kuna vyuma vyembamba vilivyokusudiwa kujikunja. Ukifunga ngao nzito hapo, mgongano mdogo unaweza kupindisha bodi nzima, na gari likawa halinyooki tena barabarani. Kwa magari haya, ikiwa ni lazima, funga ngao ndogo na nyepesi iliyoundwa kwa gari hilo.

MIFUKO YA HEWA NA RADA

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Ndiyo maana magari mengi yanayofika bandari ya Mombasa siku hizi tayari yana mifuko ya hewa, na kadhaa yana kamera na rada za kufunga breki zenyewe.

Mifuko ya hewa huamriwa na kompyuta ndogo inayopima jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla. Kiwanda kiliipima kompyuta hiyo gari likiwa na bampa yake ya asili. Ukibadilisha mbele ya gari, vipimo hivyo vinaweza kukosa maana. Mifuko inaweza kufunguka kwa kugonga mbuzi tu, au kuchelewa pale ilipohitajika kweli. Kwa hivyo muulize muuzaji kama ngao hiyo imetengenezwa kwa ajili ya modeli na mwaka wa gari lako, na kama imejaribiwa na mifuko ya hewa. Taka jibu hilo kwa maandishi. Muuzaji asiyeweza kujibu, nenda kwa mwingine.

Rada nayo mara nyingi hukaa nyuma ya nembo iliyo kwenye grili, au chini ya bampa. Chuma kikipita mbele yake, rada huona ukuta wakati wote. Gari litawasha taa za onyo, litazima mfumo, au litafunga breki bila sababu. Hakikisha ngao inaacha eneo hilo wazi.

UZITO

Kilo 60 zilizoongezwa mbele kabisa ya gari si sawa na kilo 60 za abiria aliyekaa katikati. Pua ya gari huinama, springi na shokapu za mbele huchoka upesi, na tairi za mbele huisha. Taa nazo hubadilika pembe. Ukiongeza winchi, tazama kitabu cha gari ujue ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba uzito gani. Huenda ukahitaji springi ngumu zaidi, na gharama hiyo uihesabu mapema, pamoja na mafuta ya ziada.

UKIENDA KWA FUNDI WA JUA KALI

Mafundi wetu wana uwezo wa kutengeneza ngao nzuri kwa bei nafuu. Hata hivyo, mteja anapaswa kujua la kuangalia.

Paipu. Paipu ya madirisha au ya uzio yenye ukuta wa milimita 1 au 1.5 haifai. Omba paipu ya chuma yenye ukuta wa milimita 2.5 hadi 3. Kama paipu imepakwa zinki, zinki hiyo iondolewe kwanza mahali pa kulehemu, kwa sababu hudhoofisha kiungo na moshi wake humletea fundi homa.

Mahali pa kufunga. Tumia matundu yaliyokuja na chesisi kutoka kiwandani. Usikubali chesisi itobolewe ovyo wala ngao ilehemiwe moja kwa moja kwenye chesisi. Joto hudhoofisha chuma, na siku ngao itakapohitaji kutolewa utalazimika kukata.

Bolti. Bolti zenye nguvu huwa na nambari 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti isiyo na nambari yoyote usiikubali. Baada ya takriban kilomita 500, rudi zikazwe tena.

Betri. Ikibidi kulehemu jambo lolote gari likiwa karibu na waya wa mashine, betri itenganishwe kwanza. Umeme wa kulehemu unaweza kuunguza kompyuta za gari.

Ncha. Paipu zote zifungwe mwishoni na pembe ziwe za mviringo. Ncha iliyo wazi hukata mwili wa mtu kama panga.

Hewa. Vyuma visizibe grili. Gari linalopanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi likiwa na mzigo linahitaji kila hewa inayoweza kufika kwenye rejeta.

Taa na nambari. Taa kubwa, indiketa na bamba la nambari vyote vionekane bila kuzuiwa.

Kuvuta. Ngao si mahali pa kufungia kamba ya kuvutia gari, isipokuwa kama ina ndoano iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na iliyoshikana na chesisi. Chuma kikichomoka huku kamba ikiwa imekazwa, hupaa kama risasi.

WATU WA MIGUU NA WAENDESHA BODABODA

Tunapozungumzia ngao, mara nyingi tunamfikiria mnyama. Lakini gari hilohilo hupita sokoni Voi, kituo cha Maungu, na mbele ya shule zilizo kando ya barabara.

Boneti ya gari la kisasa na bampa ya plastiki hubonyea kidogo mtu anapogongwa. Kubonyea huko kunaweza kuwa tofauti kati ya mguu uliovunjika na kifo. Ngao ya chuma haibonyei. Nguvu zote hukusanyika kwenye paipu moja, na paipu hiyo iko usawa wa paja na nyonga ya mtu mzima. Kwa mtoto wa shule ya chekechea, huo ni usawa wa kifua na kichwa.

Nchi nyingine zimechukua hatua kwa sababu hiyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2005 masharti yanayotaka ngao zipimwe jinsi zinavyomdhuru mtu wa miguu kabla ya kuuzwa. Australia, ambako kangaruu huvuka barabara kama mbuzi wetu, ilichapisha kiwango chake mwaka 2002 kinachohimiza ngao kufuata umbo la gari, kutochomoza mbele na kutokuwa na ncha kali. India iliagiza majimbo yake mwishoni mwa 2017 yazuie ngao za chuma kwenye magari.

Hakuna haja ya kungoja sheria ili kufuata busara hiyo. Gari ambalo kazi yake ni kupeleka watoto shuleni na kwenda sokoni halihitaji ngao ya chuma. Gari la ranchi linaloihitaji lichukue ile inayokaa karibu na bodi, inayolala nyuma kidogo kufuata boneti, isiyo na taa wala vyuma vilivyochomoza. Na likifika mjini, dereva akumbuke kikomo cha kilomita 50 kwa saa.

SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari ambalo hali yake ni hatari kwa waliomo au kwa watumiaji wengine kutumika barabarani. Ngao inayoziba taa, inayoficha nambari au yenye ncha kali inaweza kukuletea taabu, iwe ni kwa polisi wa trafiki au katika ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), ambao magari ya abiria na ya biashara hupitia kila mwaka.

Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba umefunga ngao au winchi. Gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kuwa sababu ya mvutano siku ya kudai fidia. Hifadhi risiti, picha na maelezo ya ngao.

KINGA ILIYO BORA KULIKO NGAO

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, tayari amekwenda mita 42. Breki nazo zitahitaji mita nyingine 50 na zaidi kwenye lami kavu. Jumla ni karibu mita 100. Taa za chini za gari huangaza takriban mita 40 hadi 60 tu. Hii ina maana kwamba dereva wa kilomita 100 usiku, akiwa na taa za chini, atamwona mnyama akiwa tayari hawezi kusimama.

Kwa kilomita 60 kwa saa, jumla hiyo hushuka hadi mita 45 hivi. Nafasi ya kusimama ipo. Tembo wa Tsavo, aliyejipaka udongo mwekundu, huonekana kwa shida sana gizani. Mita hizo chache ndizo uhai wako.

Kwa hivyo: punguza mwendo kuanzia machweo hadi mapambazuko. Ukimwona mnyama mmoja, tarajia wengine nyuma yake. Mnyama akitokea ghafla, funga breki ukiwa umeshika usukani sawasawa. Kukwepa kwa ghafla hupindua gari refu, hasa lenye mzigo juu. Safisha kioo na taa kabla ya safari ya usiku, na usiwashe taa kali za nyongeza dhidi ya gari linalokuja.

Ukigonga mnyama, washa taa za hatari, weka pembetatu za onyo, na usimkaribie mnyama aliyejeruhiwa. Piga 999 au 112. Kama ni mnyamapori, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lijulishwe pia. Kuchukua nyama ya mnyamapori aliyegongwa ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Ukigonga mifugo, ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

KABLA YA KULIPA, JIULIZE

1. Je, barabara ninazopita kila wiki zinahitaji ngao kweli, au naiga majirani?
2. Je, gari langu lina chesisi ya kushika ngao hii?
3. Je, imetengenezwa kwa modeli na mwaka wa gari langu, na muuzaji amethibitisha kwa maandishi kuhusu mifuko ya hewa na rada?
4. Je, uzito wake, pamoja na winchi, uko ndani ya kiwango cha ekseli ya mbele?
5. Je, taa, indiketa, nambari na rejeta viko wazi?
6. Je, mtoto akigongwa na gari hili kwa mwendo mdogo, ngao hii itamwongezea madhara?

Ukikosa jibu la kuridhisha kwa swali lolote kati ya haya, subiri. Pesa hizo zinaweza kununua tairi mpya, breki nzuri na taa safi, na hizo hufanya kazi kabla ya ajali kutokea.